Je, Yafaa Mchekeshaji Kuifanyia Mzaha Sura Yake?



 

Mwaka huu tumeona tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vyenu vya darasani, lakini limo midomoni mwenu kila siku. Jambo lenyewe ni vichekesho. Zamani mtu wa Songo Mnara akitaka kuangalia mchezo wa kuchekesha ilimbidi apande chombo, avuke hadi Kilwa Masoko. Leo mchezo unamfuata mwenyewe mpaka barazani kwake, ndani ya simu. Na katika michezo hiyo kuna namna moja inayopendwa sana. Mtu mmoja husimama peke yake mbele ya watu, ameshika kipaza sauti, na kuanza kujisema: pua yake ilivyo, kichwa chake kilivyo, weusi wake, ufupi wake, meno yake. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Baada ya siku mbili tatu maneno yale yale tunayasikia hapa chuoni, kwenye jamvi, kabla mwalimu hajaingia.

Tulipowauliza baadhi yenu, jibu lilikuwa moja: "Maalim, si anajisema mwenyewe? Hajamgusa mtu." Hii si hoja ya kipuuzi, na haifai kujibiwa kwa ukali. Inastahili kupimwa. Basi tuipime pamoja.

DINI HAIKUKATAZA KUCHEKA

Kwanza, tuondoe dhana kwamba mtu wa dini ni lazima awe amekunja uso. Mtume (S.A.W.) alikuwa na mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa wa kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, naye akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamkumbusha kuwa hakuna ngamia asiyekuwa mtoto wa ngamia.

Tena kuna mzaha wake uliogusa mwili hasa. Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia tangu utotoni, amesimulia kuwa Mtume alipata kumwita mwenye masikio mawili. Zingatieni vizuri mzaha huo. Ni nani asiyekuwa na masikio mawili? Aliyeitwa alicheka, aliyesikia alicheka, na hakuna aliyerudi nyumbani akijitazama kwenye kioo kwa huzuni. Wanachuoni wamesema pia kuwa ndani yake mlikuwa na sifa, kwani Anas alikuwa kijana msikivu.

Kwa hiyo swali letu halihusu kufaa kwa kicheko, kwani hilo limekwisha jibiwa. Tunachouliza ni kicheko hiki kinamwangukia nani.

TABIA NA UMBO

Nchi yetu imebahatika kuwa na wachekeshaji wengi. Yuko marehemu Amri Athumani wa Tanga, ambaye watu wote walimjua kwa jina la King Majuto, aliyefariki mwezi Agosti 2018. Yuko marehemu Said Ngamba, aliyejulikana kwa jina la Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014. Miaka ya 2000 likaja kundi la Ze Comedy katika televisheni ya EATV. Jirani zetu wa Kenya wana Daniel Ndambuki, anayeitwa Churchill, ambaye jukwaa lake limewatoa vijana wengi wa kusimama peke yao na kuchekesha. Dar es Salaam nako limekuwapo jukwaa la Cheka Tu.

Tukiwatazama wote hawa tutaona kuwa kichekesho kina machimbo mawili. Chimbo la kwanza ni tabia: ujanja, uchoyo, tamaa, ubishi, kujifanya tajiri ilhali mfuko ni mtupu. Visa vingi vya King Majuto vilichimbwa humo. Mzee mwenye tamaa akiumbuka mwishoni, mtazamaji anacheka, na akiwa na tamaa kama ile anajishuku kidogo. Kicheko hicho kina faida, maana tabia hurekebishika. Mchoyo anaweza kuwa mkarimu kabla ya swala ya Isha.

Chimbo la pili ni umbo. Humo hakuna cha kurekebisha. Mtu mfupi hawezi kwenda kulala akaamka mrefu. Anayechekwa kwa pua yake hapati fundisho lolote, kwa sababu hakuitengeneza yeye, na mwenye kuicheka anamcheka aliyeitengeneza. Hili liko wazi kwa kila mmoja wenu mtu anapomcheka mwenzake. Linakuwa zito kidogo kulielewa pale anapojicheka mwenyewe. Ndipo tunaposikia: "Pua ni yake."

NI KWELI PUA NI YAKE?

Tuwape haki yao wanaotetea. Wanasema mambo matatu.

La kwanza, wanasema mchekeshaji anayeanza na sura yake ni mpole kuliko anayeanza na sura za wengine. Ni kweli. Kati ya wawili hao, huyu ana nafuu.

La pili, wanasema kujicheka ni ngao. Mtu aliyetaniwa tangu utoto kwa kichwa chake kikubwa, akilisema yeye kwanza, anawanyang'anya wengine silaha. Hili nalo lina ukweli wake. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra aliyefariki mwaka 255 Hijria, hata jina alilojulikana nalo latokana na macho yake yaliyotokeza nje. Inasimuliwa kuwa yeye mwenyewe alipenda kueleza jinsi mwanamke mmoja alivyomshika mkono sokoni, akampeleka kwa sonara, akasema "kama huyu," kisha akaondoka. Al-Jahiz alipouliza maana yake, sonara akamwambia kuwa yule bibi ametaka achorewe sura ya shetani kwenye pete, naye sonara alikuwa amemjibu kuwa hajapata kumwona shetani. Mtu aliyeandika vitabu vingi namna ile hakupungukiwa na kitu kwa kisa hiki. Watu walikuwa wakijua thamani yake kabla hawajacheka.

La tatu, wanasema ni riziki. Huko Uganda yuko Godfrey Baguma, fundi viatu, ambaye mwaka 2002 aliingia katika shindano la kumtafuta mtu mwenye sura mbaya kuliko wote. Alikuwa na maradhi ya nadra yaliyobadili umbo la kichwa na uso wake. Akashinda. Kwa jina la Ssebabi, lenye kubeba maana ya ubaya wa sura, akawa mwimbaji na mchekeshaji, akapata kula. Nani kati yetu ana haki ya kumlaumu baba anayetafuta riziki ya wanawe kwa njia aliyofunguliwa? Sisi hatumlaumu. Lakini tunaruhusiwa kuuliza: ni watu gani hao walioona kwamba mlango pekee wa kumfungulia maskini huyu ni huu wa kuja kumcheka?

Na mlango huo ukishafunguliwa haufungiki kirahisi. Huko Zimbabwe kumekuwa na mashindano kama hayo mjini Harare. Mwaka 2015 alishinda bwana Mison Sere, akapata dola 500. Bingwa wa miaka iliyotangulia, William Masvinu, na wafuasi wake wakalalamika vikali. Walidai kuwa ubaya wa mwenzake si wa asili, ni kwa sababu tu amepungukiwa na meno! Tunatabasamu kidogo tukisoma hayo, lakini tutazame biashara hii inawapeleka wapi watu wazima. Wamefika mahali pa kugombania nani ameumbwa vibaya zaidi, kwa sababu kuna mnunuzi.

NANI MWINGINE ANACHEKWA?

Sasa turudi kwenye lile neno, kwamba hajamgusa mtu. Hapa ndipo tunapotofautiana na mchekeshaji. Hakuna umbo la mtu mmoja. Mchekeshaji mwenye kigugumizi akijigeuza kichekesho, amewataja wenye kigugumizi wote. Mwenye kibyongo akijifananisha na mnyama, amewafananisha wote. Yeye ameshuka jukwaani na bahasha yake mfukoni. Lakini kuna mtoto katika kijiji fulani mwenye umbo kama lile, ambaye hakupanda jukwaani, hakulipwa, wala hakuulizwa. Asubuhi anaamka na jina jipya.

Tuchukue mfano mzito, ambao sisi Watanzania hatuwezi kuusahau. Kuanzia mwaka 2007 hivi nchi yetu ilipata aibu kubwa kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Kabla ya mapanga yalitangulia maneno. Watu walikuwa wamekwisha kusema miaka mingi, wengine kwa mzaha, kwamba hawa si watu, ni mizimu, hawafi bali hutoweka. Hatusemi kuwa mzaha uliua. Tunasema kuwa mzaha uliizoesha mioyo kutowaona kama watu kamili. Basi, mtu mwenye ualbino akisimama leo jukwaani akajiita mzimu ili watu wacheke, tuseme ni ngozi yake? Ni yake, ndiyo, lakini pia ni ya kila mtoto anayelindwa na wazazi wake njiani kwenda shule.

Mkoa wetu wa Lindi una jambo la kujivunia hapa. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wapiga kura wa jimbo katika Tanzania. Alisimama mbele ya watu kama mchekeshaji anavyosimama, na watu wakamtazama kama wanavyomtazama mchekeshaji. Lakini wao walikuwa wakisikiliza anachosema.

Liko pia fundisho la Ibrahim An-Nakha'i na mwanafunzi wake Sulayman Al-A'mash, wanachuoni wa Kufa. Ibrahim alikuwa na chongo, na Al-A'mash alikuwa na macho dhaifu. Hata hilo jina Al-A'mash latokana na macho yake. Inasimuliwa kuwa siku moja walikuwa wakienda pamoja, Ibrahim akapendekeza wapite njia mbalimbali, wasije wajinga wakasema: chongo anamwongoza asiyeona vizuri. Al-A'mash akasema, kuna ubaya gani wao wakipata dhambi na sisi tukapata thawabu? Ibrahim akamjibu kuwa ni bora sisi tusalimike na wao wasalimike.

Mtu huyu aliyekuwa na chongo hakuona haya kwa jicho lake, aliwaonea huruma ambao wangelicheka. Kwa Ibrahim, mtu mwema hamtegei nduguye mtego wa ulimi. Mchekeshaji anayewafundisha watu elfu kucheka chongo amewatega watu elfu.

Na katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana, kutiana aibu na kuitana majina mabaya. Msomaji wa Kiarabu ataona kuwa katika kukataza kutiana aibu limetumika neno lenye maana ya nafsi zenu. Wafasiri wamesema maana yake ni kwamba mwenye kumwaibisha nduguye amejiaibisha mwenyewe, kwa kuwa waumini ni kama mwili mmoja. Sisi tunaona fundisho hilo lina upande wa pili wa kuzingatiwa: ikiwa ni mwili mmoja, basi na mwenye kujiaibisha mwenyewe amewaaibisha na nduguze.

UTANI WA WAZEE WETU

Huenda mmoja wenu atasema: "Mbona sisi wa Kilwa tuna utani tangu enzi?" Ni kweli, na utani ni mali yetu. Makabila ya kusini yana watani wao. Mabinamu wanataniana, na babu na mjukuu wanataniana. Mtani anaweza kukuita kipara mbele ya wakwe zako, nawe usikasirike.

Lakini utani una bei yake. Mtani aliyekuita kipara ndiye anayefika wa kwanza msibani kwako, akachota maji, akachimba kaburi, na hata pale akafanya vituko ili wafiwa wapate pumzi. Anakujua jina la baba na la mama. Amelipia kicheko chake kwa jasho. Sasa niambieni, yule mtazamaji wa kwenye simu, anayecheka pua ya mtu asiyemjua, atachimba kaburi la nani? Haya ya jukwaani yamechukua ulimi wa utani na kuacha wajibu wake. Kwa hiyo tusiyahalalishe kwa jina la wazee.

Tukumbuke pia kuwa wazee wetu walikuwa na nyuso zenye alama. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kuwa watu wake ni weusi sana na wana chale usoni. Aliandika hivyo kama msafiri anayeeleza alichokiona, na katika maelezo yayo hayo akawasifu kwa dini na wema. Mpaka enzi za hivi karibuni tumekuwa na mabibi wa Kimakonde na Kimwera wenye chale na ndonya. Mjukuu anayepanda jukwaani na kuigiza mdomo wa bibi yake ili wageni wacheke, ajiulize kama bibi huyo alikuwa akijipamba au akijichekesha.

MTU ALIYEJIITA BIDHAA ILIYODODA

Tumeacha kwa makusudi kisa kikubwa kije hapa. Anas (R.A.) amesimulia, na Imam Ahmad na Tirmidhi wameipokea, habari ya bedui mmoja jina lake Zahir. Alikuwa akimletea Mtume (S.A.W.) zawadi za huko shamba, naye Mtume akimpa mahitaji anaporudi. Mtume alimpenda, na Zahir hakuwa mtu wa sura nzuri. Siku moja alikuwa sokoni akiuza bidhaa zake. Mtume akamjia kwa nyuma, akamkumbatia asimwone. Zahir akapiga kelele aachiwe. Alipotambua ni nani, akauegemeza mgongo wake kwenye kifua cha Mtume wala hakutaka tena kuachiwa. Mtume akawa anauliza, nani atamnunua mtumwa huyu? Zahir akasema kwamba wallahi, ataonekana ni bidhaa iliyododa. Mtume akamjibu kuwa kwa Allah yeye hakudoda, bali ni wa thamani.

Someni tena kisa hiki polepole. Zahir alijifanyia mzaha kwa hali yake. Mtume hakumkemea, hakumwambia amekufuru, wala hakumwambia anyamaze. Lakini pia hakuongeza juu yake wala hakumwacha na bei aliyojipangia. Aliisahihisha bei hapo hapo, sokoni, watu wakisikia.

Hiyo ndiyo fatwa ya moyo tunayoitaka katika suala hili. Mtu anaweza kuteleza ulimi akajicheka mbele ya wanaompenda, na wao wakamrudishia heshima yake. Tatizo la jukwaa ni kwamba hakuna wa kumrudishia. Anasema amedoda, na ukumbi mzima unapiga makofi kuthibitisha. Kesho anarudi, na inambidi ajishushe bei zaidi, maana kichekesho cha jana kimechakaa. Na mara nyingi huingia uongo. Kijana wa sura ya kawaida kabisa anaapa kwamba mkunga alipomwona alikimbia! Nanyi mnajua jinsi Mtume alivyomwonya mwenye kusema uongo ili kuwachekesha watu.

NENO LETU KWENU

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Hatusemi kila anayejitania kipara chake ametenda dhambi. Kipara cha babu kinachochekwa na wajukuu wake ni neema ya nyumba. Tunasema haifai kwa mchekeshaji kuyafanya maumbile yake kuwa duka, kila siku anauza kiungo. Na haifai zaidi kwa maumbile ambayo wenye nayo wanadhulumiwa. Wachekeshaji wetu wana akili nyingi. Wachimbe katika tabia, humo hamna mwisho.

Lakini hatuwezi kuwafikia wachekeshaji wa Dar es Salaam na Nairobi. Tunaowafikia ni ninyi. Katika kila darasa yuko mmoja ambaye huwahi kujitaja kwa ila yake kabla hajatajwa. Mnamdhania ni mchangamfu. Sisi walimu humwona pia wakati wa kutoka, anavyosubiri wenzake watangulie. Huyo hachezi, amejinunulia amani kwa bei ya heshima yake. Msimlipe kwa kicheko. Mrudishieni bei yake: mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake, msifuni kwa kisomo chake, mpeni nafasi ya kuadhini.

Hapa kisiwani tunaishi kando ya magofu. Kuta zake zimepasuka, hazina paa, nyingine zimemezwa na mizizi. Hata hivyo tangu mwaka 1981 yamo katika Urithi wa Dunia pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, na wageni wanatoka mbali kuja kuyatazama. Hatujamwona mgeni hata mmoja akiyacheka, kwa kuwa wanajua yalijengwa na watu wa aina gani. Ikiwa ukuta wa mawe unaheshimiwa kwa ajili ya fundi wake, basi mwanadamu anastahili zaidi.

Allah (S.W.T.) atujaalie nyuso za bashasha na ndimi zenye kusalimisha watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.